Moyo wa Kurithi: Tupimwe Damu, Tusitafute Mchawi



Mfanyakazi wa miaka 40 akianguka kando ya mashine, au akishika kifua katikati ya mistari ya chai asiinuke tena, maneno ya aina mbili husikika hata kabla ya mazishi. Majirani husema: "Amerogwa huyu," au "Bia ile aliyonunuliwa ilikuwa na sumu." Mwenye kiwanda naye husema: "Huo ni ugonjwa wa kwao, kazi yetu haikumwua."

Maneno yote mawili yanatuumiza. La kwanza linatugombanisha sisi kwa sisi, mtu akamwogopa jirani yake na kukataa hata kikombe cha chai. La pili linampa mwajiri nafasi ya kunawa mikono. Na yote mawili yanawaacha ndugu na watoto wa marehemu gizani, bila kujua kwamba huenda wao pia wamebeba mzigo ule ule katika damu yao, na kwamba mzigo huo unapimika na kupunguzwa.

Ni kweli, ugonjwa wa moyo unaweza kurithiwa. Lakini kurithi si hukumu ya kifo, na wala si kisingizio cha mwajiri. Nitaeleza jinsi ilivyo, kisha niseme chama kinapaswa kudai nini.

BOHARI NA MILANGO YAKE

Kolesteroli ni namna ya mafuta yaliyomo katika damu ya kila mtu. Si uchafu. Mwili unaihitaji kwa kujengea chembe zake, na sehemu kubwa huitengeneza wenyewe, hasa katika ini. Sehemu nyingine huongezwa na chakula. Matata huanza pale kolesteroli ya aina ya LDL inapozidi katika damu kwa miaka mingi. Hujipenyeza katika kuta za mishipa, pamoja na ile midogo inayolisha moyo wenyewe. Mshipa hupungua upana polepole bila maumivu yoyote. Siku moja utando wa ndani hupasuka, damu huganda pale pale, njia huziba, na sehemu ya moyo hukosa damu na kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Sasa, ini ni kama bohari ya kiwanda. LDL ni mizigo inayopita barabarani, yaani katika damu, na ini lina milango ya kuipokea na kuiondoa njiani. Waliogundua milango hiyo ni madaktari wawili wa mji wa Dallas, Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, katika miaka ya 1970. Mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Maagizo ya kutengeneza milango hiyo yameandikwa katika chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni. Kila mtu hupewa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa na kasoro, karibu nusu ya milango haifanyi kazi. Mizigo hubaki barabarani, tangu mtoto anapozaliwa. Mtu wa namna hii anaweza kuwa mwembamba, hali nyama ila siku ya arusi, anatembea kilomita nyingi kila siku mlimani, na bado damu yake imejaa kolesteroli.

Hesabu za dunia zinaonyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 300 amerithi kasoro ya namna hii. Afrika imepimwa kidogo. Lakini kama hesabu hiyo inatuhusu sawa na wengine, basi katika shamba la wafanyakazi 3,000 kuna watu kama 10, na wengi wao hawajijui. Bila matibabu, karibu nusu ya wanaume hao hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kufika miaka 50, na wanawake karibu 3 kati ya 10 kabla ya miaka 60. Hiyo ndiyo miaka ya kulipa karo za watoto. Na kila mtoto wa mtu huyo, wa kiume au wa kike, ana nafasi moja kati ya mbili za kurithi kasoro ile ile.

Wengine huonyesha dalili nje: uvimbe mgumu usiouma kwenye mshipa mkubwa ulio juu ya kisigino, au kwenye viungo vya vidole, au duara jeupe pembeni mwa mboni ya jicho kabla ya miaka 45. Wengi hawana dalili hata moja. Kwao ni damu tu itakayosema.

SI UGONJWA WA TABAKA FULANI

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri na wazungu. Maneno hayo yana chanzo. Mwaka 1959 madaktari wawili waliokuwa Kampala, Shaper na Jones, waliandika kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kwa Waafrika wa Uganda, na kolesteroli yao ilikuwa chini, hali Waasia wa nchi hiyo hiyo waliugua sana. Lakini hiyo ilikuwa Uganda ya 1959, ya ndizi, viazi, maharage na kutembea kwa miguu. Leo mtu anashuka kwenye pikipiki, anakula sahani ya melanji iliyojaa mafuta, jioni burusheti na viazi vya kukaanga, na sigara juu yake. Ngao ya zamani imetoboka.

Tena kuna habari ya Wamasai. Katika miaka ya 1960 watafiti wakiongozwa na George Mann waliwapima Wamasai wa Tanzania, watu wa maziwa na nyama, wakakuta kolesteroli yao iko chini. Mwaka 1972 walitoa habari za mioyo 50 ya Wamasai waliofariki: mafuta yalikuwamo katika kuta za mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na damu ilipata njia. Watafiti wengine, mwaka 1971, walikuwa wamefikiri kwamba miili ya Wamasai imerithi breki nzuri ya kupunguza kolesteroli inayotengenezwa ndani pale inapoingia nyingi kwa chakula. Mann mwenyewe aliitazama zaidi ile miguu inayotembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe. Mimi naona hakuna haja ya kuchagua moja. Urithi na maisha hufanya kazi pamoja, kama mashine na mwendeshaji wake.

Mfano mwingine uko Afrika Kusini. Kati ya Makaburu, kasoro ya milango ya ini ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia. Imewahi kuhesabiwa kuwa karibu mtu 1 kati ya 100. Sababu ni kwamba wametokana na wahamiaji wachache waliofika karne nyingi zilizopita, na baadhi yao walikuja na kasoro hiyo. Walizaana, nayo ikasambaa. Kwa hiyo jambo hili halifuati rangi ya ngozi wala ukubwa wa mfuko. Linafuata mababu.

URITHI PIA UNAWEZA KUWA WA HERI

Mwaka 2003 huko Ufaransa, wataalamu walikuta familia zenye kolesteroli ya juu sana ambazo milango yao ya ini haikuwa na kasoro katika maagizo yake. Kasoro ilikuwa katika jeni nyingine, iitwayo PCSK9. Kazi ya jeni hii ni kama ya msimamizi anayeamuru milango ivunjwe baada ya kutumika. Kwa watu wale, msimamizi alikuwa mkali kupita kiasi.

Basi Helen Hobbs na Jonathan Cohen, wa Dallas vile vile, wakajiuliza: yuko mtu ambaye msimamizi wake ni mlegevu? Mwaka 2005 wakawapata, zaidi kati ya Wamarekani weusi. Mwaka 2006 walitoa hesabu kamili: katika Wamarekani weusi 3,363, watu 26 katika kila 1,000 walikuwa na jeni hiyo iliyozimika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na katika miaka 15 hatari yao ya kuugua mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata ikatolewa habari ya mwanamke kijana wa Zimbabwe aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. LDL yake ilikuwa miligramu 15 tu kwa desilita ya damu, naye alikuwa mzima. Kwa kulinganisha, daktari akiona mtu mzima amefikia 190 huanza kufikiria kasoro ya ukoo.

Tazameni, ndugu. Damu ya watu wenye asili ya Afrika ndiyo iliyoonyesha dunia njia ya dawa mpya. Sindano za kumzuia msimamizi huyo zilianza kuruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2015, na bei yake si ya mchumaji wa chai. Lakini hatuhitaji kuanzia huko. Dawa ya zamani zaidi ni vidonge vya statini. Mwanzo wake ni kazi ya Akira Endo wa Japani, mtoto wa wakulima, aliyechunguza aina kama 6,000 za ukungu na kuvu katika miaka ya 1970, hata akaupata ukungu uliomfaa katika mchele. Vidonge hivyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, hupunguza LDL kwa theluthi moja hadi nusu. Tangu mwaka 2007, kimoja chao, simvastatini, kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hii si anasa ya wakubwa.

Pamoja na kasoro hizo kubwa, ziko jeni nyingi ndogo ndogo ambazo kila moja huongeza au kupunguza hatari kidogo tu. Mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo ya watu 55,685, wengi wao wa Marekani na Sweden. Waliorithi hatari kubwa lakini hawavuti sigara, hawakunenepa mno, wanafanya mazoezi na wanakula vizuri, hatari yao ilikuwa chini karibu kwa nusu kuliko wenye urithi kama wao wanaoishi ovyo. Kwa hiyo yule anayesema "ni urithi, acha nivute sigara yangu" anajidanganya. Aliyerithi mzigo ndiye asiyepaswa kuuongeza.

SWALI LISILO NA JIBU

Daktari mzuri akikuta kolesteroli iko juu, atauliza: "Baba yako aliugua moyo? Mama je? Walifariki na umri gani?" Kwa mtu wa Kampala au Mombasa, pengine hilo ni swali jepesi. Kwa wengi wetu hapa Rwanda jibu lake ni mwaka 1994. Baba aliuawa akiwa na miaka 35 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na moyo wake haukupewa muda wa kuonyesha ugonjwa wala uzima. Shangazi aliyetunza habari za ukoo naye hayupo. Wengine walilelewa na watu baki, au walirudi kutoka uhamishoni bila kujua hata babu zao walizikwa wapi.

Kumwambia mtu huyo "uliza historia ya ukoo wako" ni kumpa karatasi tupu. Lakini damu yake haikupotea. Yale aliyorithi kwa baba asiyemkumbuka bado yamo ndani yake, na kipimo cha kolesteroli kinaweza kuonyesha sehemu yake. Ndiyo maana nasema kipimo hiki kina umuhimu wa pekee katika nchi yetu. Mahali pengine kipimo husaidia historia. Hapa, kwa maelfu ya watu, kipimo ndicho historia yenyewe iliyobaki. Na tangu leo tuanze kuiandika upya: kila mmoja awaambie wanawe kipimo chake ni kiasi gani, na ndugu gani aliugua akiwa na umri gani.

Hapa pana onyo. Nchi hii inajua ubaya wa kupima watu ili kuwagawa. Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho tangu miaka ya 1930, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo viliua watu kwenye vizuizi vya barabarani. Basi mtu yeyote akija kusema kwamba moyo mbovu ni wa watu wa namna fulani au wa mkoa fulani, tumkatalie palepale. Hata wataalamu wenyewe wanaonyesha kwamba mambo haya hayaendi kwa majina makubwa. Mwaka 2022 ilitolewa kazi iliyojaribu alama za urithi wa kolesteroli zilizotengenezwa kwa Wamarekani weusi. Alama zile zilifaa kwa kiasi kwa Wazulu wa Afrika Kusini, lakini kwa watu wa Uganda, majirani zetu, hazikusema karibu lolote. "Mwafrika" si jibu la daktari. Jibu ni wewe, damu yako, na ndugu zako wa tumbo moja.

CHAMA KIDAI NINI

Watu wa afya wakija kazini, mara nyingi huanza na presha, sukari na uzito. Ni vizuri, wala visiachwe. Lakini tudai yafuatayo.

Kwanza, kila mfanyakazi apimwe kolesteroli walau mara moja, na arudie kwa kadiri daktari atakavyoagiza. Mashine za jeni za bei kubwa si za lazima kwa kuanzia. Tone la damu na swali la ukoo vinatosha kumjua anayehitaji kuangaliwa zaidi.

Pili, saa ya kupimwa ihesabiwe kuwa saa ya kazi. Mchumaji wa chai analipwa kwa kilo. Ukimwambia akapange foleni nusu siku bila malipo, umemwambia achague kati ya moyo wake na chakula cha jioni, naye atachagua chakula.

Tatu, majibu yawe mali ya mfanyakazi na daktari wake. Yasipite mezani kwa kapita wala kwa meneja. Katiba yetu, katika kifungu cha 16, inakataza ubaguzi, hata ule wa familia au ukoo. Sheria ya mwaka 2021 ya kulinda habari za watu inahesabu habari za afya na za urithi kuwa nyeti. Mwajiri akimwachisha mtu kazi kwa sababu "kwao wana moyo," mjumbe wa wafanyakazi asikae kimya hata siku moja.

Nne, mmoja akikutwa na kolesteroli ya juu ya kutilia shaka, wazazi wake walio hai, ndugu zake na watoto wake waelekezwe kupimwa. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuwapata wengine, kwa kuwa katika familia hiyo nusu yao wanaweza kuwa nayo.

Tano, kidonge kikiandikwa na daktari kisipatikane kwa mitiweli, mfanyakazi alete karatasi chamani. Karatasi moja ni malalamiko. Karatasi 100 ni hoja ya kupeleka RSSB.

Wako watakaosema: mishahara ni midogo, buti zimetoboka, malaria ipo, wewe unatuletea kolesteroli? Nawajibu kwamba hayo yote tunaendelea kuyadai. Lakini nyongeza ya mshahara haimfikii aliyezikwa. Na familia inayompoteza mtu wa miaka 40 haipotezi mshahara wa mwezi mmoja. Inapoteza mishahara ya miaka 20.

Wajibu wetu wenyewe nao upo. Sigara iachwe. Mafuta ya kukaangia yapunguzwe, maharage, dodo na matunda yaongezwe. Mwenye kuandikiwa dawa asiiache kwa sababu "hasikii kuumwa". Kolesteroli haiumi, inaua. Mama mwenye mimba au anayetaka mtoto amwambie daktari kwanza kuhusu vidonge hivyo. Na mwenzako akibanwa kifua, akatoka jasho la baridi, maumivu yakaelekea mkononi au tayani, usimpe maziwa ukidhani ni sumu. Asimamishe kazi, akae, apelekwe hospitali mara moja. Dakika tunazopoteza tukimtafuta mchawi ndizo zinazoua moyo.

Wajumbe wa wafanyakazi wa kila kiwanda na kila shamba: katika mkutano wenu ujao na mwajiri, andikeni neno hili moja katika ajenda, "kolesteroli." Likishaandikwa halitafutika kirahisi.

Umoja ni nguvu, na nguvu huanza kwa walio hai.